Punguza mwili, ukaze, bila kuwa baunsa

Wanaotaka kupungua wengi huweka masharti mawili kwa mpigo: kitambi kiondoke na mwili ukaze, lakini wasije wakawa watu wa miraba minne. Sharti la pili ndilo linaloharibu la kwanza. Kwa kuogopa kujaa mabega, mtu anakwepa kunyanyua chochote, anabaki na kukimbia, matunda na maji ya ndimu. Baada ya miezi mitatu mizani imeshuka kilo sita, mikono imekonda, na tumbo bado lipo, tena limelegea kuliko mwanzo.

Mwili ukipunguziwa chakula bila kupewa kazi nzito, huchoma mafuta na misuli kwa pamoja. Na kile watu wanachokiita mwili uliokaza si kingine ila misuli iliyobaki mahali pake baada ya mafuta yaliyoifunika kupungua. Kwa hiyo kazi ni mbili: chakula kipungue kidogo, na misuli ipewe sababu ya kubaki.

Kwa nini hutajaa

Misuli haijai kwa bahati mbaya. Anayetunisha mwili hula zaidi ya anachotumia, miezi kwa miezi, hufanya raundi (mkupuo mmoja wa kurudiarudia zoezi kabla ya kupumzika) kumi hadi ishirini kwa wiki kwa kila sehemu ya mwili, na hufanya hivyo kwa miaka. Mwanamke ana kikwazo cha ziada: homoni ya testosteroni, inayosaidia sana kujenga misuli mikubwa, kwake iko chini ya ile ya mwanamume mara kumi hadi ishirini. Ukila pungufu na ukafanya raundi nne kwa wiki kwa kila zoezi, umeondoa karibu kila kinachojaza. Unabakiza kile tu kinacholinda.

Kuna ushauri mwingine umeenea sana: chukua kichuma kidogo cha kilo moja, rudia mara hamsini, "utakata" bila kujaa. Kichuma hakikati mafuta. Kazi nyepesi isiyokuchosha haijazi kweli, lakini pia hailindi chochote. Vilevile kuinama ubavu na dambeli mkononi hakuondoi nyama uzembe za kiunoni. Mafuta hutoka mwili mzima kwa mpangilio wa maumbile yako, na kwa wengi tumbo ndilo la mwisho kuaga.

Pima kabla hujaanza

Nunua futi ya fundi cherehani. Asubuhi, ukitoka msalani na kabla ya chai, izungushe usawa wa kitovu, toa pumzi kawaida, usivute tumbo ndani. Andika. Pima pia paja katikati na mkono juu ya kiwiko. Vipimo hivyo viwili ndivyo vitakavyokutuliza siku utakapohisi unajaa, kwa sababu kioo na woga ni ndugu. Lengo la kiuno ni chini ya nusu ya urefu wako: mwenye sentimita 160 ashuke chini ya 80.

Panda mizani mara tatu kwa wiki, utafute wastani. Kasi nzuri ni kati ya nusu asilimia na asilimia moja ya uzito kwa wiki, yaani gramu 400 hadi 800 kwa mtu wa kilo 78. Wiki ya kwanza unaweza kushuka kilo mbili, usishangilie sana. Wanga uliohifadhiwa mwilini hushikana na maji takriban mara tatu ya uzito wake, na ukipunguza wanga maji hayo hutoka. Mafuta yana mwendo wake: kilo moja ya mafuta ya mwilini inabeba kalori kama 7,700, kwa hiyo ukila pungufu kwa kalori 500 kila siku unapoteza karibu nusu kilo kwa wiki.

Jikoni: anza na mafuta, ugali baadaye

Watu hukimbilia kuacha ugali. Ugali una lawama zake, lakini mkosaji mkubwa katika nyumba zetu ni chupa ya mafuta inayomiminwa kwa macho. Kijiko kimoja cha chakula cha mafuta ya kupikia kina kalori 120 na ushee, yawe ya alizeti, mawese au zeituni. Chukua sufuria ya mchuzi wa watu watano. Mpishi akimimina robo lita, mchuzi huo umebeba zaidi ya kalori 2,000 za mafuta peke yake, na kila mlaji kapata 400 kabla hajagusa nyama. Akipima vijiko vitatu, kila mmoja anapata kama 75. Tofauti hiyo, kwa mlo mmoja, imetimiza zaidi ya nusu ya upungufu wa siku nzima na hakuna aliyeshinda njaa.

Tatizo ni kwamba wengi tumefundishwa nyanya imeiva mafuta yakielea juu. Kwa vijiko vitatu mafuta hayataelea, na mpishi atadhani mchuzi ni mbichi aongeze tena. Tumia dalili nyingine. Kaanga kitunguu kwa moto wa wastani, sufuria ikiwa imefunikwa. Kikianza kushika, tia vijiko viwili vya maji badala ya mafuta, koroga, funika. Tia nyanya na chumvi mapema ili itoe maji yake. Imeiva pale rangi inapokoza, harufu ya ubichi inapoisha, na mwiko ukipita chini ya sufuria unaacha njia isiyozibika mara moja. Hapo endelea na nyama au maharage yako.

Kwa wapishi wa nazi, pikia tui la pili, lile jepesi, kisha kasimele, yaani tui la kwanza lililo zito, itiwe mwishoni vijiko viwili vitatu kwa ajili ya ladha. Mchuzi utakuwa mwepesi kidogo kuliko wa harusini, basi.

Baada ya mafuta ni sukari ya kunywa. Vikombe vitatu vya chai, kila kimoja vijiko vitatu vidogo, ni gramu 36 za sukari na kalori 144. Soda ya mililita 350 ina sukari ya kiasi hichohicho. Kinywaji hakishibishi kama chakula, kwa hiyo kukiondoa hakuachi pengo. Ukishindwa kuacha sukari ghafla, punguza nusu kijiko kila baada ya siku nne. Ulimi huzoea bila kelele.

Halafu protini, ambayo wengi hawafikishi. Chukua uzito unaolenga, uzidishe mara 1.6, hizo ndizo gramu za siku. Anayelenga kilo 65 anahitaji kama gramu 100. Yai lina gramu 6, kikombe cha maharage yaliyoiva gramu 15, nyama ya samaki au kuku isiyo na mfupa gramu 100 iliyopikwa inatoa 25 hadi 30, nusu lita ya mtindi kama 16. Dagaa wakavu ni hazina isiyothaminiwa: kiganja cha gramu 30 kina gramu 15 na zaidi, kwa bei ndogo. Ila dagaa hufyonza mafuta kama sponji. Toa vichwa, waoshe kwa maji ya vuguvugu mara tatu mchanga uishe, wakaushe kwenye kikaango kikavu mpaka walie wakigeuzwa, ndipo uwatie kwenye nyanya. Karanga usizihesabu kama protini. Zina protini ndiyo, lakini karibu nusu ya uzito wake ni mafuta, na konzi moja ni kalori 170.

Mfano wa siku, kwa mwanamke wa kilo 78 mwenye urefu wa sentimita 160 na kazi ya kukaa. Asubuhi mayai mawili ya kuchemsha, kiazi kitamu cha gramu 150, na chai ya maziwa bila sukari. Mchana ugali wa gramu 75 za unga (unatoka bonge la ukubwa wa ngumi), kikombe cha maharage, na mchicha au sukuma wiki kadiri anavyotaka, vyote vikiwa na vijiko vidogo viwili tu vya mafuta kwa fungu lake. Saa 10 jioni mtindi mtupu mililita 300. Usiku samaki wa gramu 150 bila mifupa, wali ulioiva gramu 150, kachumbari. Jumla ni kalori 1,600 na kitu, protini kati ya gramu 95 na 100. Mwanamume wa kimo cha kawaida aongeze nusu bonge la ugali mchana, wali zaidi usiku na mayai mengine mawili.

Pima unga na mchele kwa mizani ya jikoni kwa wiki mbili tu. Baada ya hapo jicho litakuwa limesoma, na huhitaji kuonekana unapima chakula mbele ya wageni.

Mazoezi: siku mbili, dumu la maji linatosha

Lita moja ya maji ni kilo moja, kwa hiyo dumu ni chuma ambacho uzito wake unaujua. Ukitaka uzito zaidi kwa ujazo uleule, tia mchanga mkavu: lita moja inakaribia kilo moja na nusu. Mchanga una faida nyingine, hauchezichezi. Dumu la maji lililojaa nusu hukuyumbisha katikati ya zoezi. Angalia mpini; madumu membamba ya mafuta ya kula hupasuka kwenye kona, kwa hiyo yakumbatie kwa chini.

Fanya siku mbili kwa wiki zisizofuatana, tatu ukiwa na hamu sana. Mazoezi ni matano, kila moja raundi mbili, mara 8 hadi 12 kwa raundi, pumzika dakika moja na nusu katikati. Uzito ni sahihi pale unapomaliza ukihisi ungeweza kuongeza mara mbili tatu, si kumi.

Kuchuchumaa na dumu ndilo zoezi kuu. Simama miguu ikiwa upana wa mabega, vidole vikitazama nje kidogo, dumu limebanwa kifuani. Vuta pumzi, shuka kwa hesabu ya mbili mpaka mapaja yakaribie kulala sawa na sakafu, magoti yakifuata mwelekeo wa vidole, kisha sukuma sakafu usimame. Anayeanza aweke kiti nyuma, aguse kwa makalio bila kukaa. Visigino vikinyanyuka, kifundo cha mguu kimekaza: weka ubao mwembamba chini ya visigino, ushushe unene wake kadiri wiki zinavyokwenda. Magoti yakiingia ndani, uzito umezidi. Punguza lita mbili. Kiuno kikiuma, mara nyingi dumu limekaa mbali na mwili.

La pili ni kuinama kwa nyonga. Shika madumu mawili, moja kila upande, legeza magoti kidogo, kisha sukuma makalio nyuma kama anayefunga mlango kwa makalio huku mikono imebeba sinia. Mgongo ubaki umenyooka. Wanaofagia uwanja kwa ufagio wa chelewa wakiwa wamekunja nyonga, mgongo bapa, tayari wanalijua zoezi hili. Wanaopinda mgongo kama upinde ndio watakaolalamika kesho. Utahisi mvuto nyuma ya mapaja. Ukihisi kiunoni, umeshuka kuliko mwili wako unavyoruhusu.

Pushapu zianzie ukutani au kwenye ukingo wa meza imara, na kila ukifika 12 bila kutetemeka shusha mahali pa kushika: meza, kisha kochi, kisha sakafu. Za magoti chini si lazima, na wengi huzifanya vibaya, makalio yamebaki juu. Kuvuta dumu ni rahisi: mkono mmoja kwenye kiti, mgongo bapa, mkono mwingine unavuta dumu kuelekea mfuko wa suruali, si kuelekea kwapa. Mwishoni planki, yaani kujiinua kifudifudi kwa viwiko na vidole vya miguu, mwili umenyooka kama ubao, sekunde 20 hadi 40. Ukifikisha dakika tatu hujaongeza faida, umeongeza uvumilivu tu.

Kila zoezi likifika mara 12 raundi zote mbili, ongeza lita moja au mbili na urudi mara 8. Endelea hivyo miezi ya mwanzo. Ukifika mahali umbo linakupendeza, acha kuongeza uzito, baki hapo hapo. Misuli iliyokwishazoea mzigo fulani haina sababu ya kukua kwa mzigo uleule, hasa tumboni kukiwa na chakula cha kiasi. Na kama baada ya miezi mitatu futi inasema paja limeongezeka kweli ilhali kiuno hakijashuka, hapo tazama sahani kabla ya dumu.

Siku zilizobaki tembea. Hatua 8,000 hadi 10,000 zinafika, ambazo ni kama kilomita sita hadi nane, zikiwemo za sokoni na za kupanda ngazi. Kushuka kwenye daladala au matatu kituo kimoja kabla ni rahisi kudumisha kuliko kuamka saa 11 alfajiri kukimbia kwa wiki mbili kisha kuacha. Kukimbia si kosa, ila kwa mwenye uzito mkubwa magoti huchoka kabla ya mafuta.

Mahali watu wanapokwama

Wiki ya pili suruali inabana mapajani. Hapa ndipo wengi huacha, wakisema "nilijua nitajaa". Misuli ambayo haikuzoea kazi huvuta maji wakati inajikarabati, na hali hiyo huchukua wiki mbili hadi nne kutulia. Nyama haijengeki kwa siku kumi. Subiri, pima tena wiki ya sita.

Mizani imeganda wiki nzima. Mlo wenye chumvi nyingi, siku za kukaribia hedhi, choo kigumu, kulala kwa muda wa saa nne tu: vyote huzuia maji na kuficha mafuta yaliyotoka. Mwanamke alinganishe wiki hii na wiki kama hii ya mzunguko uliopita. Kiuno kisiposogea wiki nne mfululizo, ndipo ujue kuna kalori zinazoingia bila kuandikwa. Kwa kawaida ni kuonja jikoni, makombo ya sahani za watoto, na konzi za karanga mbele ya televisheni.

Wikiendi pia. Upungufu wa 500 kwa siku tano ni 2,500. Pilau la Jumamosi, soda mbili, nyama choma ya jioni na bia nne za nusu lita (kila moja kalori kama 200) vinaweza kuufuta wote kufikia Jumapili usiku. Kwenye shughuli pakua nyama na kachumbari kwanza, pilau liwe nusu ya ulivyozoea, kinywaji kiwe maji. Hakuna anayehesabu sahani yako isipokuwa shangazi.

Kuhusu chai za kupunguza tumbo: nyingi zina sanamaki, ambayo huendesha utumbo mkubwa. Chakula kimekwisha kufyonzwa kwenye utumbo mwembamba, kwa hiyo unachopoteza ni maji na chumvi. Vidonge na kahawa za "asili" zinazokata njaa kwa siku mbili ni hatari zaidi. Mara kwa mara vimekutwa na sibutramini iliyofichwa, dawa iliyoondolewa sokoni Ulaya na Marekani mwaka 2010 kwa sababu ya madhara yake kwa moyo. Ukanda wa kubana tumbo na koti la nailoni hutoa jasho, unalirudisha kwa glasi mbili za maji.

Nani asianze hivi hivi

Mjamzito asipunguze. Anayenyonyesha aongee kwanza na kliniki. Anayetumia insulini au vidonge vya kisukari kama glibenklamidi anaweza kushukiwa na sukari ghafla akipunguza wanga, kwa hiyo dozi ipangwe na daktari kabla ya sahani kubadilika. Vivyo hivyo kwa mwenye dawa za presha, kwani presha hushuka uzito ukishuka. Mwenye ugonjwa wa figo asifuate kiasi cha protini tulichotaja. Na anayepungua bila kujaribu hahitaji mwongozo huu, anahitaji vipimo.

Wakati wa Ramadhani mpango haufi, unahama saa. Mazoezi yafanywe baada ya tarawehe, au nusu saa ya kutembea kabla ya magharibi. Futari ndiyo mtego: mihogo ya nazi, sambusa na kaimati zilizolowa shira zinaweza kumaliza kalori za siku kabla ya chakula chenyewe. Fungua kwa tende na maji, kunywa supu au uji usio na sukari nyingi, chagua kimoja cha kukaanga. Daku iwe na mayai au maharage; daku ya chai na mkate mweupe inaisha kabla ya saa 4 asubuhi.

Kiuno kikifika ulipotaka, usirudi kwenye sahani ya zamani kwa siku moja. Ongeza kalori 100 hadi 150 kila wiki, tuseme robo ya bonge la ugali au tunda na glasi ya maziwa, huku unapima kiuno. Kikisimama wiki tatu bila kupanda wala kushuka, hicho ndicho kiasi chako cha kila siku. Dumu endelea nalo mara mbili kwa wiki, uzito uleule.